Saa ya Kugeuka

Elephant Hill iko kusini mwa safu ya Aberdare, juu ya mji mdogo wa Njabini, kaunti ya Nyandarua. Ukitoka Nairobi unafuata barabara ya Nakuru mpaka Flyover, unaiacha hapo, halafu unapita mashamba ya kabichi na viazi hadi kituo cha msitu. Gari linaishia hapo. Jina linasema ni kilima, lakini usidanganywe na jina. Kilele kiko zaidi ya mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa huko, kila pumzi unayovuta ina kama theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anavuta akiwa amekaa barazani.

Mimi ndiye nimepewa kazi ya kupanga safari yetu. Tuko sita. Kwa wiki nzima nimekuwa na karatasi mezani, kalamu, na hesabu. Watu wengi hudhani mpango wa hike ni nauli, maji, mayai ya kuchemsha na nani ana gambuti. Hayo ni rahisi. Hesabu ngumu ni ya mwanga.

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliandika kanuni ambayo wapanda milima bado wanaitumia: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano hivi za njia, kisha ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ni kama kilomita 9 kwenda juu, na mwinuko wa kama mita 1,000. Piga hesabu. Inakuja karibu saa tatu na nusu. Lakini Naismith hakuwa anafikiria wasee wa Nairobi ambao zoezi lao kubwa ni kupanda ngazi lifti ikiharibika. Hakuwa anafikiria matope ya kwenye mianzi, wala kigongo kile cha juu ambacho kila ukidhani umefika, kilele kingine kinatokeza nyuma yake. Kuna sehemu njiani ambayo wapandaji wameibatiza mahali pa kukata tamaa, na haikupewa jina hilo na mshairi. Kwa hivyo nimeongeza nusu ya muda. Saa tano na kidogo. Tukianza kutembea saa mbili asubuhi, mtu wa kwanza anaweza kufika juu saa sita, na wa mwisho saa saba na robo. Kama atafika.

Hapo ndipo nikaandika mstari mmoja uliowasha moto kwenye grupu yetu ya WhatsApp: saa saba kamili mchana, popote tulipo, tunageuka.

Niseme kitu kuhusu hiyo saa. Najua wengi wetu siku hizi tunataja saa kwa Kizungu, lakini kwa mlima saa ya Kiswahili ni chombo bora. Inaanza kuhesabu kunapopambazuka. Sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta tuna mwanga wa karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hivyo namba yenyewe inakuambia umekula kiasi gani. Saa sita umekula nusu. Saa saba umebakisha kama tano na nusu. Simu ikikuandikia 13:00 haikuambii chochote, ila kwamba umechelewa lunch. Na kushuka kwenye matope, na magoti ambayo yameshalalamika, ni saa tatu kwa mwenye nguvu na nne kwa mwingine. Ukigeuka saa saba, wa mwisho wetu yuko kwenye gari saa kumi na moja. Ukigeuka saa nane anafika saa kumi na mbili, na ndani ya mianzi giza halingoji jua lizame. Hapo ni kabla hujaweka mguu uliotegeka, mvua, au ukungu. Na ndani ya ule uzio wa umeme wa Aberdare, ambao una urefu wa kama kilomita 400, kuna ndovu na nyati ambao hawana habari na ratiba yetu.

Hizo hesabu hakuna aliyezipinga. Kilichopingwa ni haki yangu ya kuziandika kama amri.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ana kichwa cha wakili ingawa anauza simu Luthuli Avenue, aliniandikia hivi kwa ufupi: wewe leo ni Jumanne, umekaa kwa kiti, unakunywa chai. Hujui Jumamosi huko juu kutakuwa vipi. Pengine kutakuwa na jua zuri, tuko dakika ishirini kutoka kileleni, wote tuko sawa. Yule wewe wa Jumamosi atakuwa ameuona mlima kwa macho yake. Kwa nini mtu wa Jumanne, ambaye hajui chochote, amtawale mtu wa Jumamosi ambaye anaona?

Hilo ni swali zuri, na nimekaa nalo siku tatu.

Wanafalsafa hulijibu kwa hadithi ya kale ya Ulysses, aliyewaambia mabaharia wake wamfunge kwenye mlingoti kabla merikebu haijapita karibu na viumbe wenye sauti tamu ya kuua. Aliwaagiza kwamba akiomba kufunguliwa, wasimsikilize. Jon Elster, mwanafalsafa wa Norway, alitoa kitabu kizima mwaka 1979 kuhusu watu wanaojifunga namna hii: mlevi anayempa mkewe mshahara wote siku ya malipo, mtu anayeweka akiba mahali asipoweza kuigusa. Jibu lao ni kwamba kuna nyakati tunajua mapema kwamba akili yetu ya baadaye itapinda, na ni halali akili iliyonyooka kuifunga ile itakayopinda.

Kuna ukweli hapo. Yule wa Jumamosi anaujua mlima kuliko mimi, sawa. Lakini yeye mwenyewe anajijua vibaya zaidi. Ana baridi, ana njaa asiyoisikia, hewa ni nyepesi. Zaidi ya yote, ana kesi yake mwenyewe mahakamani na anataka kuwa hakimu. Ameamka saa tisa usiku, amelipa nauli, amepanda saa tano. Kila hatua aliyopiga inamshawishi apige nyingine. Tuna methali inayomsukuma hasa mtu wa aina hiyo: maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Tangu nikiwa mtoto nimeisikia ikitumiwa kama fimbo. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kama hayo maji yana mamba.

Hata hivyo jibu la Ulysses halinitoshi, na rafiki yangu wa Luthuli aliliona tundu lake mara moja. Alisema: sawa, wewe jifunge kwenye mlingoti wako. Mimi mwili wangu ni wangu. Nikitaka kuhatarisha magoti yangu kwa dakika ishirini zaidi, hiyo ni shida yako?

Kama ningekuwa napanda peke yangu, ningemwambia hapana, si shida yangu. Mtu mzima ana haki ya kuchoka vibaya. Lakini sisi ni sita, na hapo nilianza kufikiria jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kutembea na kundi mlimani amelishuhudia, hata kama hajalitaja.

Kundi linapopanda, linajivuta kama mpira. Wenye nguvu wako mbele. Wakifika mahali wanasimama, wanakaa juu ya jiwe, wanakunywa maji, wanapiga picha, wanangoja. Dakika kumi, kumi na tano. Halafu yule wa mwisho anatokea, uso umebadilika rangi, anapumua kwa mdomo. Wale wa mbele wanapiga makofi. "Umejaribu sana!" Halafu wanasimama, wanajipangusa matako, wanaondoka. Yeye aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye hapumziki kabisa. Siku nzima iko hivyo.

Sasa fikiria uamuzi wa kuendelea au kugeuka unafanywa wapi. Unafanywa kwenye jiwe. Unafanywa na wale wanne walio mbele, ambao wana pumzi za kuzungumza, kabla wa mwisho hajafika. Akifika anaambiwa: tumeonelea tuendelee kidogo, uko sawa? Nani atajibu hapana mbele ya watu wanne waliopumzika na wanaomwangalia? Atasema niko sawa. Kila mtu husema niko sawa. Hilo ndilo neno la uongo zaidi linalosemwa juu ya mita 3,000.

Kwa hivyo demokrasia ya Jumamosi, ile ambayo rafiki yangu anaipigania, ni kura ambayo kituo chake kimefungwa kabla mpiga kura mmoja hajafika. Lakini Jumanne, kwenye grupu, kila mtu ana kidole gumba kimoja na pumzi za kutosha. Yule atakayekuwa wa mwisho mlimani anaweza kuandika sentensi ndefu kuliko yetu sote. Ndiyo maana naitetea Jumanne. Haina hekima kuhusu mlima, hilo nimekubali. Ni siku tu ambayo tuko sawa.

Nilipoweka hoja hiyo kwenye grupu kulikuwa kimya kwa muda. Halafu mmoja wetu, ambaye hakuwa ameandika neno tangu ugomvi uanze, na ambaye sote tunajua atakuwa wapi kwenye mstari, aliandika maneno manne: "Mimi ningesema sita unusu."

Ningetaka kusema mwaka 1996 unathibitisha hoja yangu, lakini mwaka 1996 ni mgumu zaidi. Mwezi Mei mwaka huo watu wanane walikufa kwenye dhoruba moja huko Everest. Walikuwa wameambiwa kuhusu saa ya kugeuka, saa saba au saa nane mchana, na saa hiyo ikapita watu wakiwa bado wanapanda. Tungependa kusema ni kiburi. Lakini mmoja wa viongozi, Rob Hall kutoka New Zealand, alikuwa na mteja anayeitwa Doug Hansen, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amegeuzwa akiwa karibu sana na kilele. Mwaka huu alikuwa amerudi. Hansen alifika juu baada ya saa kumi jioni, Hall akimngoja, na hawakushuka. Nikisoma habari hiyo sioni mtu mwenye kiburi. Naona mtu mwema aliyeshindwa kumwambia mwenzake hapana mara ya pili. Saa ya kugeuka inavunjwa pia na huruma, na pengine huruma ndiyo adui yake mkubwa, kwa sababu kiburi tunakitambua kikija lakini huruma inakuja ikiwa imevaa vizuri.

Halafu kuna yetu sisi Wakenya. Mei 2024 Cheruiyot Kirui alifariki karibu na kilele cha Everest, akijaribu kupanda bila oksijeni ya mitungi. Nakumbuka simu yangu ilivyojaa picha zake. Mjadala ulikuwa mkali: shujaa, au mtu aliyezidisha? Mimi sikuwa huko na sina la kumhukumu marehemu. Kitu kilichonikaa ni kingine. Alikuwa na mwongozaji, Mnepali aitwaye Nawang Sherpa, na yeye pia hakurudi. Tafuta ile mijadala yetu ya wiki ile uone jina la Nawang lilitajwa mara ngapi. Sisi tulibishana kuhusu haki ya mtu kuweka maisha yake hatarini kwa ajili ya ndoto yake, kana kwamba maisha yaliyokuwa pale ni ya mtu mmoja.

Sisi Jumamosi hatuna Sherpa, lakini tutakuwa na afande. Kwenye Elephant Hill hupandi bila askari wa msitu mwenye bunduki, kwa sababu ya wale ndovu. Atatembea nasi kutoka kituoni mpaka juu na kurudi. Ndoto ya kusimama juu ya jiwe la mwisho si yake, amelisimamia mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Hatageuka kabla yetu. Hawezi. Tukisema "dakika ishirini tu, afande," yeye ndiye atakayetembea na sisi gizani, halafu kesho yake aamke aende na kundi lingine la watu wenye dakika ishirini. Mwili wangu ni wangu, rafiki yangu, lakini njia ya kuutoa mwili wako mlimani inapita kwenye mabega ya watu wengine.

Najua kuna safari ambazo hazina saa ya kugeuka. Msitu huu huu ndio uliowahifadhi Mau Mau miaka ya 1950. Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, upande wa Nyeri, Oktoba 1956. Watu wale walipoingia kwenye hiyo mianzi hakukuwa na mpango wa kuwa nyumbani saa kumi na mbili, na kwa wengine kugeuka kungekuwa usaliti. Siwezi kuweka kanuni yangu ndogo juu yao. Lakini sisi tunaenda kutafuta hewa safi na picha. Hakuna mtu wala ardhi inayotungoja kule juu. Tukiishia mita mia mbili chini ya kilele, hakuna kitu duniani kitakachokuwa kimepungua, ila caption.

Wengine mtasema ni rahisi mimi kusifu kugeuka, maana niliacha chuo mwaka wa tatu. Basi tuliongelee. Dada yangu mdogo alikuwa ameitwa chuo mwaka huo huo. Kioski cha mathe kilikuwa kinaweza kubeba mmoja, kwa shida. Mkopo wa serikali haukutosha mimi, sembuse wawili. Nilipotaja kuacha, kila mjomba na shangazi alisema neno lilelile: umefika hapo, si umalize tu? Umefika hapo. Ni hoja ya jiwe. Inaangalia tu umbali ambao wa mbele amebakisha. Hakuna aliyeniuliza nani yuko nyuma, anapumua vipi. Tulipoanza, wakati wa harambee, tulipika, tukaomba, tukachanga, lakini hakuna aliyesema: ikifika mahali hivi, tutakaa chini tuangalie upya. Labda ingeonekana kama kumlaani mtoto. Kwa hivyo siku ilipofika tuliamua kwa kelele, na kelele hizo mathe bado anazikumbuka kuliko uamuzi wenyewe. Sasa naandika makala za kulipwa kwa neno, dada yangu yuko mwaka wa mwisho. Sijui kama kilele chake ni kizuri kuliko changu kingekuwa, na sijifanyi kujua.

Kuna pingamizi moja zaidi, na hili ni la yule wa sita unusu. Nilikuwa nimependekeza kwamba badala ya saa maalum, wa mwisho apewe mamlaka: akisema tugeuke, tunageuka, saa yoyote. Nilidhani nampa heshima. Akanipigia simu, hakutaka kuandika. Akasema hapana, tafadhali, usinifanyie hivyo. Nikisema tugeuke nitakuwa mimi niliyewanyima kilele. Mtaniambia ni sawa, hakuna shida, halafu njia nzima kushuka mtakuwa wapole kwangu. Sitaki upole huo. Acha saa iseme.

Sikuwa nimeliona hilo kabisa. Saa haina aibu. Haichoki, haimwonei mtu huruma, na hakuna anayeweza kuiangalia vibaya kwenye matatu wakati wa kurudi. Ikisema saba, hakuna aliyeshindwa. Kwa hivyo namba ilibaki kwenye mpango, lakini si ile niliyoandika mwanzo. Ni saa saba kasorobo, kati ya yangu na yake. Rafiki yangu wa Luthuli alikubali kwa shingo upande, akaweka sharti kwamba tuanze kutembea saa moja na nusu badala ya saa mbili, na hiyo ina maana ya kutoka mjini saa kumi na nusu alfajiri. Ni sharti la haki. Kama anataka kilele, akinunue na usingizi wake mwenyewe.

Tumekubaliana pia kwamba wa mwisho akifika tulipopumzika, dakika kumi zinaanza kuhesabiwa kutoka hapo. Na afande ataambiwa saa ya kugeuka kituoni, asubuhi, sote tukisikia, ili akituambia muda umefika asionekane mkorofi.

Vitu vingine kwenye orodha: maji lita tatu kila mtu, koti la mvua, soksi za kubadilisha, chapo mbili mbili, nduma kwa anayependa, glukosi, bendeji. Tochi sita. Mmoja ameuliza, kama saa kumi na moja tutakuwa tayari ndani ya gari, tochi ni za nini. Nimemwambia alete na betri za ziada.